Mhariri, mturudie siku ya sitini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo ambalo magazeti yote, la kwako likiwamo, huliacha njiani. Habari ya uhalifu hapa kwetu Dodoma huishi siku tatu. Siku ya kwanza ni tukio, ya pili ni Kamanda wa Polisi kuzungumza na waandishi, ya tatu ni majirani kulaani. Siku ya nne ukurasa una habari nyingine. Aliyetendewa ana kalenda yake, nayo haina uhusiano wowote na ya chumba cha habari: ina saa 72, siku 28, siku 45, siku 60, miezi sita na miaka mitatu. Kalenda hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku, baadhi yetu tukiwa wasaidizi wa kisheria, wengine maofisa ustawi wa jamii na wauguzi, katika Jiji na katika wilaya za mkoa huu.

Wasomaji wanaikumbuka kesi ya Agosti 2024, ile ya video ya ubakaji wa kundi iliyosambaa nchi nzima. Septemba 30, 2024 mahakama hapa Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha na kuamuru kila mmoja amlipe binti yule fidia ya shilingi milioni 1. Kuhusu binti mwenyewe hatuandiki lolote. Ana haki ya kuachwa apumue. Tunataka kuzungumzia neno "fidia", kwa sababu siku ile kila aliyetusimamisha njiani alilisikia kama fedha iliyokwisha kulipwa.

Fidia inayotajwa mahakamani huanza ikiwa karatasi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu kilichozoeleka kwa miaka mingi kama 348A, inaitaka mahakama ikimtia mtu hatiani kwa kosa la kujamiiana iamuru pia alipe fidia, na kipimo chake ni kile ambacho aliyetendewa angekipata kama angefungua kesi ya madai. Kwa hiyo hakimu anayetaja fidia hamfanyii mtu hisani. Ila hakimu hupanga kiasi kulingana na alichoambiwa, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kitu. Nauli za kwenda hospitali na polisi, dawa zilizonunuliwa duka la nje, siku za kibarua zilizopotea, sare mpya za mtoto aliyehamishwa shule: hakuna risiti hata moja kwenye jalada. Matokeo yake inatajwa namba ya mviringo. Tunachowaambia familia ni hiki: nunueni daftari moja la shilingi mia tano, bandikeni humo kila risiti na kila tiketi ya basi kuanzia siku ya kwanza, pasipo na risiti andikeni tarehe, kiasi na aliyelipwa, kisha mkabidhi nakala kwa Wakili wa Serikali kabla ya siku ya hukumu. Hukumu ikishasomwa, daftari hilo halina mahali pa kupelekwa kirahisi.

Halafu kuna kazi ya kuipata hiyo fedha. Mdaiwa yuko gerezani. Ng'ombe wake wamehamia zizi la shemeji, na kiwanja cha Nala kimeandikwa jina la mdogo wake miezi miwili kabla ya hukumu. Anayetaka kulipwa anahitaji nakala ya hukumu na ya amri ya fidia zenye muhuri wa mahakama, kisha apeleke maombi ya kukazia hukumu, yaani kumlazimisha mdaiwa alipe, akitaja mali inayojulikana na ilipo. Mahakama haizunguki mitaani kumtafutia. Kwa hiyo orodha ya mali huandikwa mapema, wakati kesi bado mbichi, mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji akiwa bado anakumbuka zizi lile lilikuwa la nani.

Hata ukiwa na karatasi zote, kuna rufaa. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ana siku 10 za kutoa notisi ya kukata rufaa na siku 45 za kupeleka sababu zake Mahakama Kuu, na akichelewa anaweza kuomba kuongezewa muda. Rufaa ikiwa hai, malipo kwa kawaida husubiri. Ikifaulu, amri ya fidia inazikwa pamoja na hukumu. Kinachowaumiza watu zaidi ni kwamba aliyetendewa si mhusika wa rufaa hiyo. Mbele ya sheria ni Jamhuri na mrufani. Yeye alikuwa shahidi tu. Hakuna anayelazimika kumpigia simu kumwambia kwamba Jumanne ijayo majaji wanasoma hukumu na kwamba jioni yake mtu yule anaweza kuwa stendi ya Nanenane anatafuta basi la kurudi kijijini. Wengi hujua wanapokutana naye kisimani.

Njia ya kesi ya madai ipo pia, na mtu mzima anayo miaka mitatu tu tangu tukio kwa madhara ya aina hii. Wanaosubiri jinai iishe kwanza hukuta miaka hiyo imekwisha. Mfuko wa serikali wa kuwalipa waathirika wa uhalifu kwa ujumla hatuna. Wa usafirishaji haramu wa binadamu wametajiwa mfuko katika sheria ya mwaka 2008, waliobaki wanamsubiri mhalifu.

Tumeanzia mwisho kwa makusudi, maana mwisho ndio usioandikwa. Mwanzo unafahamika zaidi, ingawa nao una mashimo yake.

Kila mtu siku hizi anajua saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa. Wachache wanajua kwamba dawa hizo humezwa siku 28 mfululizo. Watu wengi huziacha wiki ya pili, na sababu si uzembe. Zinatia kichefuchefu, zinahitaji mtu awe amekula, na Januari hadi Machi kaya nyingi za Bahi na Chamwino zina mlo mmoja, kopo linaonekana, na dada wa mume anauliza ni la nini. Wengine walipewa dozi ya siku chache za mwanzo wakaambiwa warudi kuchukua nyingine, na nauli ya kurudi haikuwapo. Muuguzi anayejua kazi yake humpa dozi nzima pale inapowezekana, humshauri ameze usiku baada ya chakula, na humhamishia dawa kwenye chombo kisicho na maandishi. Kipimo hurudiwa wiki ya sita na mwezi wa tatu. Chanjo ya homa ya ini B ina dozi tatu: siku ya kwanza, mwezi mmoja baadaye, na mwezi wa sita. Kufika mwezi wa sita, kwenye vitabu vyetu, waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole.

PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tuiseme kwa kifupi: aliyeumia vibaya hutibiwa kwanza, fomu inafuata. Nguo alizovaa zisifuliwe, na zifungwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Nailoni hutunza unyevu na unyevu huozesha ushahidi. Na namba ya RB, ile ya taarifa iliyofunguliwa polisi, iandikwe mahali pawili, kwa sababu simu huibwa, na karatasi zilizohifadhiwa kwenye nyumba za tembe huliwa na mchwa.

Sasa siku ya sitini, ambayo tumeiweka kwenye kichwa cha barua hii. Kesi ambayo upelelezi wake haujakamilika haiahirishwi milele. Siku 60 zikipita bila cheti cha kuomba muda zaidi kutoka kwa wenye mamlaka ya kukitoa, mahakama inaweza kumwachia mshtakiwa. Kisheria kuachiwa huko si kushinda kesi. Anaweza kukamatwa tena siku hiyohiyo kwa kosa lilelile, na mara nyingine hukamatwa akiwa bado kwenye korido. Lakini mtaani hakuna anayesoma kifungu cha sheria hiyo kilichozoeleka kama 225. Mtaani mtu amerudi, nduguze wamechinja mbuzi, na binti aliyemshtaki ameitwa mwongo mbele ya kanisa zima. Hakuna mwandishi aliyekuwapo kueleza tofauti ya kuachiwa na kuachiwa huru. Aya mbili za gazeti siku hiyo zingefaa kuliko kurasa zote za siku ya tukio.

Kwa nini upelelezi unachelewa? Mara nyingi ni mambo madogo. Mpelelezi amehamishwa na jalada limekaa kabatini. Daktari aliyejaza PF3 amekwenda masomoni. Umri wa mtoto haujathibitishwa, na katika shtaka la kumbaka msichana aliye chini ya miaka 18 umri ndio nguzo: kama cheti cha kuzaliwa hakipo, itafutwe kadi ya kliniki, au mzazi aseme mwenyewe kizimbani mwanawe alizaliwa lini. Tumeona majalada manene yenye kila kitu isipokuwa tarehe ya kuzaliwa.

Kuna makosa mengine ambayo hayaonekani hadi miaka miwili baadaye, Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani. Mtoto ambaye umri wake hauzidi miaka 14 anaruhusiwa kutoa ushahidi bila kiapo, lakini lazima kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo iandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Hakimu akisahau kuiandika, ushahidi wote wa mtoto huweza kufutwa, na kwa kuwa mara nyingi ndio ushahidi wenyewe, mfungwa anatoka. PF3 nayo ikipokelewa kama kielelezo isisomwe kwa sauti mahakamani, au mshtakiwa asielezwe kwamba ana haki ya kumtaka daktari aje ahojiwe, huondolewa. Hakuna kati ya haya lililo kosa la mtoto wala mama yake, lakini wao ndio wanaorudi kuishi na matokeo. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama kumwakilisha mtu mahakamani. Anachoweza ni kumkumbusha Wakili wa Serikali asubuhi ile, kwa adabu, nje ya chumba: "Ndugu wakili, ile ahadi ya mtoto." Inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mashahidi hupotea kwa msimu. Mvua za kwetu ni Desemba hadi Aprili, na kesi iliyopangwa Januari inamtaka shahidi aache shamba la uwele palizi ikiwa imemkaba, apande gari kutoka Mtera hadi Mpwapwa mjini, akalale huko, aambiwe kesho yake kwamba hakimu ana udhuru. Posho ya shahidi ipo kwenye kanuni, lakini huchelewa au haifiki. Mara ya tatu haji. Hapo ndipo wazee wa pande mbili "wanapokaa". Ng'ombe wanatajwa, baba anakubali, na mama wa mtoto hakuulizwa. Tuseme wazi: kosa la kubaka halimalizwi kwa ng'ombe, na ridhaa ya baba haifuti kesi ya Jamhuri. Lakini tusimcheke baba huyo pia. Amekwenda mahakamani mara tano kwa nauli ya mkopo, na ng'ombe anawaona kwa macho.

Si ubakaji peke yake. Kijana wa bodaboda aliyepigwa nondo na kuporwa pikipiki usiku kule Nzuguni, pikipiki ikapatikana, anashangilia wiki moja. Kisha anaambiwa ni kielelezo. Inakaa kituoni ikinyeshewa na kupigwa jua, huku mkataba wake na tajiri ukiendelea kumdai hesabu ya kila siku. Wengi hawajui kwamba ombi linaweza kupelekwa mahakamani ili chombo kipigwe picha, namba za chesisi na injini ziandikwe, kisha kirudishwe kwa mwenyewe kwa sharti la kukileta kikihitajika. Ombi hilo huanza kwa mpelelezi na Wakili wa Serikali. Mahakama haiwezi kukubali ambacho hakuna aliyekiomba. Aliyekatwa panga mkononi naye anahitaji mazoezi ya viungo kwa wiki nyingi baada ya nyuzi kutolewa. Akiyakatisha, vidole hukakamaa vikiwa vimekunjwa, na fundi cherehani anakuwa hana kazi tena. Gharama zikimshinda, dirisha la ustawi wa jamii hospitalini ndilo linaloshughulikia msamaha. Aende na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji.

Kuhusu akili na moyo, Dodoma tuna bahati ambayo imegeuka kuwa kikwazo. Hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, iliyokuwapo tangu miaka ya 1920, ina wataalamu ambao mikoa mingi inawatamani. Lakini jina lake hapa kwetu ni tusi. Watoto hutaniana kwalo. Ukimwambia mtu asiyelala mwezi wa tatu sasa kwamba aende Mirembe, anasikia umemwita kichaa, na mumewe atalitumia neno hilo siku watakapogombana. Kwa hiyo humwelekezi kwa jina la jengo. Unamwambia kuna daktari wa usingizi na mawazo, unampa siku na saa, na ikiwezekana unakwenda naye mara ya kwanza. Na usimpeleke wiki ya kwanza tu. Wiki ya kwanza nyumba imejaa watu na uji unapikwa. Anayeporomoka huporomoka mwezi wa nne au wa tano, shangazi wa mwisho akishaondoka na mkeka umekunjwa.

Mtoto anayerudi shule ana yake. Waraka wa elimu wa 2021 uliruhusu waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurudi katika mfumo rasmi, kwa hiyo mwalimu mkuu hana sababu ya kumkataa. Tatizo liko kwenye maelezo. Barua ya uhamisho isiandikwe kilichompata. "Familia imehama makazi" inatosha. Tumesoma barua zenye habari yote, zikapita mikononi mwa walimu wanne kabla mtoto hajakaa kwenye dawati, na kufika saa nne, wakati wa uji, darasa zima linajua.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) ingeweza kuwasaidia wengi, ila kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na kikundi ni watu wanaoaminiana. Anayesemwa mtaani haingizwi kikundini. Anayekuwa na nafasi ya kumwombea ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na huwezi kumfikia bila mtu wa kukushika mkono. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya mpango wa taifa ulioanza 2017/18 zilikusudiwa kuwa mtu huyo. Zinapokutana hufanya kazi nzuri. Nyingi hukutana mgeni akija.

Sasa kwako, Mhariri. Sheria ileile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi wa makosa ya kujamiiana usikilizwe kwa faragha na inakataza vyombo vya habari kutangaza utambulisho wa aliyetendewa. Magazeti mengi huacha jina na kuandika "mtoto wa mchungaji wa kanisa fulani, anayesoma darasa la sita shule fulani, kata ya Nkuhungu". Hilo ni jina, limeandikwa kwa herufi nyingi zaidi tu. Habari hiyo hubaki kwenye intaneti. Miaka sita baadaye binti anaomba kazi, mwajiri anaingiza jina la kijiji na la baba, na yote yanafunguka. Hata baadhi ya hukumu za zamani zilizowekwa mtandaoni zina majina kamili ya watoto waliotendewa. Siku hizi majaji wengi huficha majina, za nyuma zimebaki kama zilivyo. Mnaweza kuanza na zilizo ndani ya uwezo wenu: mtu akiomba habari yake ya zamani ipunguzwe maelezo, kuwe na mezani kwenu anayepokea ombi hilo na kulijibu.

Ombi la pili linahitaji daftari tu. Mkiandika habari ya uhalifu, mhariri wa zamu aandike namba ya kesi na tarehe nne mbele yake: siku ya 60 tangu mshtakiwa afikishwe mahakamani, siku ya hukumu itakapojulikana, siku ya 45 baada ya hukumu, na mwaka mmoja kamili. Kila tarehe ikifika, mwandishi apige simu moja kwa karani wa masjala na kuuliza shauri limefikia wapi. Asiende nyumbani kwa aliyetendewa, asiombe picha, asimtafute mama yake. Mwenye kujibu maswali ni jalada. Cheti cha kuongeza muda kilitolewa? Daktari ameshaitwa? Fidia imelipwa? Karani akijua gazeti litapiga tena mwezi ujao, na mpelelezi akijua karani ameulizwa, majalada husogea.

Na pale chini ya habari, panapobaki nafasi ya mistari miwili, mchapishe kwamba simu ya kutoa taarifa za ukatili kwa watoto ni 116, haitozwi, na kwamba kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto kinampokea pia aliyechelewa, hata kama saa 72 zimepita. Wengi waliochelewa hubaki nyumbani wakidhani mlango umeshafungwa.

Wasaidizi wa kisheria, maofisa ustawi wa jamii na wauguzi,
Dodoma.